Mkaguzi aliyeipaka rangi mashine ya mkopo

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mwanamke mwenye sweta ya kijivu anagonga mlango wa kioo wa benki ambayo bado haijafunguliwa. Nyuma yake wamesimama wenzake wawili, vijana, kila mmoja na begi la kompyuta begani.

Mlinzi anachungulia, anatikisa kichwa, anaonyesha saa yake ya mkononi.

"Tunafungua saa mbili na nusu, mama."

"Najua, mwanangu. Mwambie meneja wako wakaguzi wa Benki Kuu wamefika."

Meneja anatokea mbiombio akifunga kifungo cha koti.

"Karibuni, karibuni sana. Lakini... barua yenu sijaiona."

"Hatukuandika."

"Hamkuandika?"

"Kanuni mpya hizo, meneja. Zimeanza Jumatatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Meneja anacheka, ila kicheko hakifiki machoni. "Sasa hata chai sikuandaa!"

"Hiyo ndiyo raha yake," anajibu mama. "Chai tumekunywa kwetu. Tuonyeshe kabati la mafaili ya mikopo, na funguo zisitoke humu ndani."

Ni ziara ya kwanza ya kushtukiza katika miaka yake ishirini na saba ya ukaguzi. Ana umri wa miaka hamsini na tisa, na amebakiza wiki tano tu kustaafu. Siku zote hizo benki ilikuwa ikipewa barua wiki mbili kabla ya wakaguzi kufika, na wiki mbili, anasema, zinatosha kumvisha hata mgonjwa mahututi suti na tai.

Mameneja wa benki wamempa jina la Bi Ukucha. Hawamwiti hivyo mbele yake, lakini analijua. Limetokana na tabia yake moja: mtu akikopa kwa dhamana ya mashine, trekta au jokofu la duka, Bi Ukucha haamini picha iliyomo kwenye faili. Anakwenda mwenyewe hadi mali ilipo, anainama, na kama imepakwa rangi, anaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba aone kuna nini chini yake.

"Acha wacheke," anamwambia mwandishi wa makala haya akiwa ameketi kwenye ngazi za nyuma za benki hiyo, wakati wa mapumziko ya mchana. "Rangi ile naijua. Niliwahi kuipaka kwa mikono yangu hii."

Kabla hajawa mkaguzi, alikuwa karani katika benki ndogo ambayo leo haipo. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na mitatu. Anapoizungumzia, sauti inashuka kama ya mtu anayemtaja marehemu aliyempenda na ambaye pia alimkosea.

Anaikumbuka kaunta ya mbao iliyopigwa nta kila Jumamosi hadi unajiona uso. Anavikumbuka vijitabu vya akiba vyenye jalada la bluu, na muhuri wa chuma ulioshuka kwa kishindo, ta! ta!, siku nzima. Watu walivaa viatu vya kutokea ili tu kwenda benki. Meneja alisimama mlangoni kila asubuhi, akimwuliza huyu habari za mguu wake, na yule kama mtoto amepasi mtihani.

"Siku hizi unaingia, unachukua namba, unaitwa na mashine," anasema. "Kule ukikosa wiki mbili, tulikuuliza ulikuwa wapi. Niliipenda ile benki, jamani. Hilo ndilo linalouma. Ilikuwa imeoza, nami nilikuwa naipenda."

Uozo wenyewe ulikuwa na sura ya mashine ya kupasulia mbao.

Shemeji wa meneja alikuwa na kampuni tatu kwa majina matatu tofauti. Kila kampuni ilikopa katika benki hiyo, na kila moja ikaweka dhamana ya mashine yake ya kupasulia mbao. Kwenye karatasi kulikuwa na mashine tatu. Duniani ilikuwapo moja.

Barua ya wakaguzi ilipofika, karani huyu, wakati huo ana miaka ishirini na tisa, aliitwa ofisini. Meneja alimpa pesa za kununua makopo matatu ya rangi na brashi. "Wakaguzi wanapenda usafi, binti," alimwambia. "Nenda ukasimamie."

Hakusimamia tu. Fundi rangi alichelewa, naye akajifunga kanga kiunoni akaanza kazi. Jumatatu, wakaguzi walipofika karakana ya kwanza, mashine ilikuwa ya kijani. Usiku ikapakiwa kwenye lori. Jumatano ikawa ya bluu, mtaa mwingine. Ijumaa ilikuwa ya kijivu. Kibati cha chuma chenye namba za kiwandani kilifunikwa kwa rangi mara zote tatu.

"Wewe hukushtuka?" anaulizwa.

Anacheka bila furaha.

"Nilishtuka siku ya Jumatano. Nikajiambia, wakubwa wanajua wanachofanya. Unajua kauli hiyo imezamisha benki ngapi? Na isitoshe, nilisifiwa. Mkaguzi mmoja mzee, mwenye miwani mizito, aliipiga kofi ile ya kijani akasema, 'Hii inatunzwa vizuri.' Nikavimba kichwa!"

Benki ilifungwa miaka miwili baadaye. Shemeji hakulipa, wala hakuwa ndugu pekee aliyekopeshwa hivyo. Mjumbe mmoja wa bodi naye alikuwa na wanawe, na mwenyekiti alikuwa na rafiki zake. Wateja elfu nane walifika asubuhi moja wakakuta mnyororo mlangoni. Walisubiri miezi kumi na tisa kulipwa, na walicholipwa kilikuwa moja ya tano ya akiba zao.

Anachokumbuka zaidi ni benki ya upande wa pili wa barabara. Hiyo ilikuwa nzima kabisa. Lakini kabla ya saa sita mchana foleni yake ilizunguka kona, watu wakisukumana watoe chao, na jioni nayo ilikuwa inahema. Benki Kuu ikaikopesha usiku uleule, ndipo ikapona.

"Hofu haisomi kibao cha mlangoni," anasema. "Moja ikianguka, inazishika nyingine mguu. Ndiyo maana simwelewi mtu anayeniambia kanuni ni za kuwabana matajiri. Ni za kumlinda yule aliye mwisho wa foleni."

Mwisho wa foleni ya walioukuta mnyororo alisimama mama yake mdogo.

Mama mdogo alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Kwa miaka saba alikuwa ameweka akiba ya kununua kiwanja. Siku anaanza kuweka, alimwuliza binti wa dada yake swali moja tu: "Niweke kwenu?" Naye alijibu, "Weka, mama mdogo. Mimi nipo."

"Mimi nipo," anarudia sasa, taratibu. "Kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa sanduku la chuma."

Alipoomba kazi Benki Kuu, miezi michache baada ya benki yake kufa, alikaa mbele ya jopo la watu watano. Walipomwuliza kwa nini anataka ukaguzi, aliwasimulia habari za makopo matatu ya rangi. Kati ya wale watano alikuwamo yule mzee mwenye miwani mizito. Alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo ile ya kijani..." alisema mzee.

"Ndiyo hiyohiyo, mzee."

"Na ya bluu?"

"Ndiyo hiyohiyo."

Mzee alivaa miwani yake tena. "Mwajirini huyu," aliwaambia wenzake. "Mimi nimedanganywa na brashi. Afadhali anayeijua brashi."

Tangu hapo amezunguka benki zote kumi na saba za nchi yake, nyingine mara sita, saba. Mshahara wake, anasema, haujawahi kufika theluthi ya ule wa meneja anayemkagua. Mara mbili ameahidiwa gari. Mara moja alitumiwa kitanda kipya nyumbani. Akakirudisha kwa mkokoteni wa kukodi, kwa gharama yake, na risiti ya mkokoteni akaiweka kwenye faili.

Kanuni zilizoanza Jumatatu hii amezipigania miaka tisa, akiandika mapendekezo yaliyorudishwa na wino mwekundu. Sasa wenye benki wanalazimika kuweka mtaji mkubwa zaidi wa kwao wenyewe. "Mtu akicheza kamari na pesa yake, anacheza taratibu," anaeleza. Mkopo kwa mkurugenzi au ndugu yake una kikomo, na jina lake lazima liandikwe wazi. Dhamana kubwa lazima ionwe kwa macho na mkaguzi. Na wakaguzi wanaweza kufika siku yoyote.

Lakini tangu mwezi uliopita kuna jambo lililomnyima usingizi, na kanuni hazimsaidii. Mama mdogo, ambaye sasa ana miaka sabini na nane, ameuza chumba chake cha kushonea pamoja na vyerehani sita. Pesa zote alizifungia ndani, kwenye sanduku chini ya kitanda. Tangu mnyororo ule hajakanyaga benki. Mtaa mzima unajua ameuza, na wiki mbili zilizopita mtu alikata wavu wa dirisha lake usiku, akakimbia mbwa wa jirani alipobweka.

Baada ya tukio hilo mama mdogo alimpigia simu. Lilikuwa swali lilelile la zamani.

"Mwanangu, wewe unaingia benki zote. Niambie basi, niweke wapi?"

"Mama mdogo, siruhusiwi kusema. Nimekula kiapo."

"Kiapo gani? Mimi ndiye niliyekushonea sare yako ya kwanza."

"Nikikuambia weka hii, nimekuambia usiweke zile. Neno likitoka kwa mkaguzi, kesho kuna foleni."

"Kumbe! Ulipokuwa hujui kitu uliniambia. Leo unajua, unanyamaza."

Simu ilikatika. Bi Ukucha anasema alikaa na kipokezi mkononi mpaka mlio wake ukamchosha.

Ukaguzi wa benki ile ya mlango wa kioo umekwisha Ijumaa. Kilichoonekana ndani ya mafaili hakisemi, na hata vijana wake wawili, wakiulizwa, wanatazama dari. Anachokubali kusimulia ni kwamba kati ya dhamana tisa alizokwenda kuziona, nane zilikuwa palepale zilipoandikwa. Ya tisa ameiandikia ripoti.

Jumamosi anakwenda kwa mama mdogo na wavu mpya wa dirisha, misumari na nyundo. Anamkuta bibi ameketi kibarazani, miguu ameinyoosha, na miguuni amevaa viatu vyeusi vya kutokea.

"Shikamoo, mama mdogo. Ulikuwa na safari?"

"Marahaba. Nilikuwa nayo jana. Nimevivaa tena leo, vimenipendeza."

"Safari ya wapi?"

"Benki."

Bi Ukucha anaiweka nyundo chini.

"Benki? Na pesa?"

"Ulitaka niende kupiga soga? Nimeziweka. Yule binti aliyenunua vyerehani vyangu kanisindikiza."

"Benki gani?"

Mama mdogo anapangusa vumbi la kiatu kwa ncha ya kanga, bila haraka yoyote.

"Wewe una siri zako za kazi, nami nina zangu."

"Mama mdogo, acha utani."

"Nilikuuliza ukaniambia kiapo. Haya, na mimi nimeapa. Yule binti naye nimemwapisha."

"Niambie tu kama ni yenye mlango wa..."

"Usinikague! Tena sina barua yako."

Wanacheka wote wawili, bibi akijipiga paja, mpaka jirani anachungulia dirishani. Kisha mama mdogo anatulia. Anasema binti mshonaji alimletea habari kwamba wakaguzi wameanza kuingia benki bila kuarifu, na kuna meneja alionekana akijifuta jasho saa mbili asubuhi.

"Nikajiambia, kumbe siku hizi hawajui mnakuja lini. Zamani tulikuwa hatujui sisi, wao wanajua. Sasa wasiojua ni wao. Hapo nikaona miguu yangu inatafuta viatu."

Bi Ukucha anageukia dirisha, anapigilia misumari minne, mmoja unapinda, anaung'oa na kuanza upya.

Jioni, akiwa njiani kurudi kwake, anaeleza mpango wa wiki tano zilizobaki. Atawafundisha vijana wale wawili kila anachokijua, na kabla ya kukabidhi kitambulisho anataka kuingia benki nyingine nne bila barua. Akishastaafu atapumzika, labda atajifunza kushona, maana mama mdogo hana tena vyerehani lakini mdomo wa kufundishia anao.

Anaulizwa kama hatajaribu kuchunguza, hata kwa mbali, pesa za mama yake mdogo ziko wapi. Kitabu cha majina ya wateja kiko mbele yake kila siku. Ni kutazama tu.

"Hapana," anasema. "Sitaki kujua. Nikijua ni ipi, hiyo nitaikagua kwa macho manne, na nyingine kumi na sita kwa mawili. Mama mdogo amenifunga vizuri sana. Jumatatu naingia benki nyingine, na huenda pesa zake zimo humohumo."