Muhuri Aliokataa Kuugonga

Nyumbani kwa kaka yake wanamwita Bibi Tetemeko. Akibisha hodi tu, wifi yake hupaza sauti kutoka jikoni: "Shikeni vikombe, amefika!" Watoto huangua kicheko. Naye alikuwa akicheka, mpaka kaka alipotaka kuongeza ghorofa ya tatu, akamletea michoro aigongee muhuri.

Yeye ni mhandisi wa majengo, mjane, anayeishi peke yake. Mji wake umekaa juu ya ardhi inayotikisika. Mji wa jirani uliwahi kuporomoka. Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, lakini hapa watu walizidi tu kutia saruji.

Kabla ya kugonga muhuri alibandua plasta kwenye nguzo moja ya chini. Ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo, zilikuwa zimeachana mno, na ncha zake hazikukunjwa kuingia ndani ya zege. Mafundi hufanya hivyo kazi iende haraka. Ardhi ikitikisika kwa nguvu, pete za namna hiyo hufunguka na nguzo hupasuka.

"Kaka, hii haibebi. Tuimarishe kwanza nguzo za chini."

"Kwa hela ya ghorofa? Wewe ni mdogo wangu au askari wa manispaa?"

"Mama analala hapo chini."

"Mama kalala hapo miaka yote, hajaanguka hata kitandani!"

Kaka alimpata mhandisi mwingine, aliyegonga muhuri bila kushuka garini. Ndipo dada mtu akaandikia manispaa, na jina lake akaliweka. Ujenzi ukasimamishwa.

Tangu hapo wifi hapigi simu. Kaka akimwona sokoni hubadili njia. Nguzo za chini hazijaguswa. Aliyekosa ghorofa hataki kusikia habari ya nguzo.

Alimpigia mama simu, akamwomba ahamie kwake.

"Nije kwako, halafu kaka yako aseme umeninyakua?" mama alimjibu kwa sauti ya chini. "Ulichofanya ni sawa, mwanangu. Ila umenihakikishia paa, ukaniondolea mgeni, wewe mwenyewe."

Hata hivyo binti alinunua kitanda cha pili, cha mama, akakiweka karibu na dirisha. Kwa sasa hutandaza juu yake michoro ya shule anayoikagua, maana meza yake ni ndogo. Jioni huikunja, akanyoosha shuka.