Kahawa ya Fida

Fida aliolewa na mdogo wa mume wangu, ambaye pia alikuwa mtoto wa ami yake, kama tulivyoolewa wengi hapa jangwani. Akazaa wavulana wawili wenye mioyo dhaifu, akawabeba hospitali mpaka mgongo ukapinda, akawazika wote. Watu wakasema maziwa yake yana sumu. Mdomo ni jumba la maneno.

Daktari alimweleza vingine. Ndani ya seli za mwili mna mitokondria, majiko yanayotupa nguvu. Kila jiko lina viwanda vyake vidogo, ribosomu, vilivyojengwa kwa protini nyingi. Protini moja tu ikiwa mbovu, jiko linafifia, na moyo usiojua kupumzika unaumia. Mtoto huugua akirithi ubovu huo kwa baba na kwa mama pia. Binti yake Nuzha kaubeba upande mmoja, hivyo haumwi. Mwanangu Farij vilevile.

Na kwa mila zetu, Nuzha ni haki ya Farij. Mtoto wa ami anaweza kumshusha bibi harusi kutoka juu ya ngamia, hata akiwa njiani kuolewa na mwingine. Mume wangu Hleli alishaanza kuandaa harusi, na Fida, mjane, hakuwa na wa kumsemea.

Basi akaingia mwenyewe kwenye baraza la wanaume, akaketi. Hleli akammiminia kahawa. Akaiweka chini, hakuigusa. Nyuma ya pazia nikashika mdomo: kwetu mgeni asiyekunywa ana ombi, na mwenyeji akimnyima ameaibika.

"Kunywa, Mama Atiya," Hleli akasema. Atiya ni mmoja wa wale marehemu.

"Farij amwachie binti yangu, shemeji. Aolewe nje ya ukoo."

"Acha mambo ya daktari! Babu zetu walioana wakazaa simba."

"Simba wawili nimewazika mimi. Nimechoka, Hleli."

"Unataka watu waseme damu yetu mbovu?"

"Waseme. Walisema maziwa yangu, mbona sikufa?"

Hleli, mtu wa makelele, akakitazama kikombe. Kahawa ikapoa. Nilimchukia mume wangu kwa kule kukawia.

Mwishowe akasema chini chini, "Farij anamwachia. Kunywa."

Fida akainywa ile baridi yote. Kisha akaegemea mto wa wanaume, usingizi ukamchukua palepale.

Wazee walipokuja kwa kahawa yao, Hleli aliwarudisha mlangoni, kidole mdomoni.