Maziwa ya Papai Bichi

Juzi nilimpeleka binti yangu zahanati, huku Sokon One tunakokaa, tumbo likimsumbua kwa minyoo. Muuguzi akampa kidonge, akakitafuna kama pipi, tukarudi nyumbani. Yakaisha. Mimi ndiye niliyeshindwa kula siku hiyo, ndugu yangu. Nilimkumbuka bibi.

Bibi alinilea huko juu, miteremkoni mwa Mlima Meru, kwenye shamba la migomba na kahawa. Kila likizo shangazi alimleta mwanawe kutoka Kaloleni mjini, mtoto mdogo bado, akinifuata kila niendako. Tulicheza peku mferejini, tuling'oa karoti na kuzila na udongo wake, kisha jioni tukagombania loshoro, mahindi ya maziwa mgando, jikoni, macho yakituwasha kwa moshi. Haishangazi matumbo yetu yalivimba.

Mimi ndiye niliyeanza kulalamika. Asubuhi, umande haujakauka, bibi alichanja papai bichi likiwa bado mtini, maziwa yake meupe yakadondokea bakulini. Akayachanganya na asali nyingi na maji ya uvuguvugu. "Dawa na sumu ni ndugu," alizoea kusema, "anayewatenganisha ni mkono." Nilikunywa nikikunja uso. Minyoo ikatoka, na Jumapili niliimba kanisani kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Kwa furaha hiyo nikamwomba, "Bibi, mpe na mdogo wangu."

Asali ilikuwa imebaki kidogo sana. Bibi aliikwangua, akaonja, akaona inatosha. Haikutosha. Mtoto alipiga yowe ambalo bado nalisikia. Midomo ikaumuka, ulimi ukajaa malengelenge. Jirani alimbeba mgongoni akikimbia naye hadi barabarani, wakapata gari la kumfikisha hospitali.

Alipona. Lakini shangazi alipokuja kuchukua nguo za mtoto, hakukaa.

"Shikamoo, mama," alisema akiwa bado amesimama mlangoni. "Umemchoma mwanangu."

"Marahaba. Ni mkono wangu, mwanangu," bibi akajibu. "Mkono ndio uliokosea."

Nikasema, "Shangazi, ni mimi niliyeomba apewe."

Akanipapasa kichwa. "Wewe ni mtoto tu." Afadhali angenichapa.

Tangu hapo wazazi waliozoea kumletea watoto wenye minyoo, bibi aliwaelekeza hospitali, hata kuwakaribisha ndani akaona aibu. Mapapai yaliiva, yakaliwa na ndege. Kila likizo ilipofika alipika loshoro ya kutosha watu watatu, akatazama njia, kisha akapeleka iliyobaki kwa jirani. Shangazi hakumleta mtoto tena. Bibi alizikwa pale pale shambani, na mpaka mwisho aliamini mjukuu wake yule anamchukia.

Mwaka jana nilimtembelea binamu yangu huyo kwake Njiro. Ni baba wa watoto sasa. Nikajikaza, nikamuuliza anakumbuka nini cha kwa bibi.

Akafikiri, akatabasamu. "Kahawa ikikaangwa. Na bibi akinibeba shambani, kitenge chake kikinukia moshi. Kwa nini tuliacha kwenda, dada?"

Shamba limegawanywa, mipapai imekatwa, mfereji umekauka. Hayo nayazoea. Nisichozoea ni kwamba hapakuwa na chuki yoyote, na hakuna tena wa kumwambia.