Mwaka Hilding Alipoachwa Nje ya Filamu

Algot Näslund alizaliwa Granvattnet, kaskazini ya Uswidi, mwaka wa baridi kali hata meno ya bandia ya mkunga yalitetemeka yenyewe ndani ya glasi. Anayebisha akayaulize hayo meno.

Ujanani alipasua mbao kiwandani, na saa ya chakula alimwigiza msimamizi mpaka watu wakapaliwa na viazi. Alipopata kamera kuukuu akaanza kutengeneza filamu za kuchekesha, moja kila mwaka, akizionyesha ukumbini baada ya Krismasi. Mwigizaji yeye mwenyewe: akivaa gauni ni mke wa mchungaji, akilivua ni tarishi. Hakusalimika mtu, wala hakuna aliyetaka kusalimika, maana Granvattnet kuchekwa ndiko kuhesabiwa. Stockholm walimwita, akaenda, akarudi. Huko, alisema, hakumjua mtu wa kumcheka.

Aliyechekwa kuliko wote ni kaka yake, Hilding: kofia ya manyoya imemfunika macho, anasukuma kigari chake cha barafuni, kiti juu ya vyuma viwili vya kuteleza, kwa kupiga teke nyuma na mguu mmoja, anagombana na theluji kama mtu na mkwewe. Tyra, mke wa Hilding, alikuwa akicheka mpaka anashikwa na kwikwi.

Tyra akafa. Mwaka ule Algot akamwacha kaka yake nje ya filamu, akidhani ni heshima. Watu wakacheka. Hilding akainuka katikati ya kicheko, akatoka. Miaka minne hakumsemesha. Wakikutana dukani, Hilding angesalimia hata gunia la viazi, lakini si nduguye.

Kisha moyo wa Hilding ukaanza kuchoka. Daktari akasema hataona majani mapya. Algot akaenda kubisha hodi na mikate ya iliki. Mlango haukufunguliwa. Akapita ukumbini kwa Gunvor, mpika kahawa.

"Sijui nilimkosea nini, dada."

"Umezeeka bila kukua, Algot! Kijiji kizima ulikicheka, yeye tu ukamruka. Ulimzika siku moja na Tyra."

"Nilimhurumia."

"Ulimhurumia kama maiti."

Majira yale ya baridi Algot alikuwa na miaka sabini na moja, nyonga mbovu. Akavaa kofia ya manyoya, akaenda na kigari kwenye ziwa lililoganda, akasukuma kwa mguu mmoja, akaanguka mara mbili, akamwambia mshika kamera asizime.

Siku ya onyesho Gunvor alimleta Hilding kwa mkono. Watu walicheka hata theluji ya paani ikaporomoka. Hilding hakucheka. Taa zikawaka. Akainuka polepole, akamwendea mdogo wake.

"Kofia siyo hiyo."

"Kaka?"

"Nasema kofia siyo hiyo. Na mimi sisukumi kama bata mjamzito. Tazama, bwege wewe!"

Akashika mgongo wa kiti, akarusha mguu nyuma, pumzi ikimkata. Algot akashika kiti cha pili, akamfuatisha. Hilding akamtazama mpaka mguu ulipokaa sawa, ndipo akavua kofia yake, akamvisha.

"Tyra angekuzomea kwa kofia ile ya kwanza," alisema.

Alikufa mwezi wa tatu, ziwa bado gumu.

Mwaka uliofuata wapo walionong'ona kwamba marehemu hachekwi. Algot hakubishana nao. Alivaa ile kofia, akaishusha mpaka machoni, akasukuma.