Tasbihi Kumi, Kwenda na Kurudi

Mama yangu hakuwa mgonjwa wa sukari. Alikuwa mlangoni tu. Ndivyo alivyotuambia muuguzi anayezungukia nyumba za kijiji chetu hapa Msambweni, binti wa Kinango mwenye mkoba mgongoni na mashine ya kutoboa kidole. "Mama, bado hujaingia. Lakini mlango huu ukishaupita, kurudi ni kazi." Alitupa miezi mitatu. Baada ya hapo angepimwa damu kwa kile kipimo kinachosema habari za miezi yote, na kama sukari haikushuka, angeanza dawa za kila siku.

Mama aliogopa. Mimi niliogopa zaidi, kwa sababu dadake mkubwa, aliyeolewa Mkwiro, naye alianzia hapo hapo mlangoni, akapuuza. Leo ana mguu mmoja.

Basi mama akafuata masharti. Chai akainywa bila sukari, uso ameukunja. Mahamri ya asubuhi akayaacha. Wali akaupunguza mpaka ukawa wa kumlisha kuku. Na kila asubuhi, jua likishatoka, alijifunga leso zake akashika njia ya skuli kwenda kutembea. Muuguzi alimwambia nusu saa. Yeye alikuwa akirudi baada ya saa nzima.

Wiki ya sita muuguzi akaja kumtoboa kidole. Sukari iko pale pale.

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nafanya kazi ya dobi katika hoteli moja Diani, siku nzima ni mashuka na mvuke, na nikifika nyumbani subira imekwisha. Nikaona mama ananichezea. Nilipekua kabati, nikapekua hadi mvunguni mwa kitanda nikitafuta halua. Nikamwambia, "Unataka nije nikusukume kwenye kigari kama mama mkubwa?" Alikwenda kuketi uani, akanipa mgongo. Halua sikuiona, na maneno yale yalinirudia usiku kucha.

Muuguzi ndiye aliyekuwa na akili. Alisema kesho yake atatembea naye, aone. Nilikuwa sina zamu, nikafuatana nao.

Hatukufika mbali. Mama amesomesha chuo cha Kurani miaka mingi. Nusu ya mji huu wamejifunza alifu mbele ya mkeka wake. Hatua kumi, "Shikamoo, mwalimu." Mama anasimama. "Marahaba. Umeamkaje? Na watoto? Yule wa kifua amepoa? Mkweo amesharudi Mombasa?" Na yule naye anauliza yake, mmoja baada ya mmoja, habakishi mtu. Wanaagana. Hatua kumi nyengine, mtu mwengine. Muuguzi alikuwa akitazama saa yake. Tuliporudi akasema kwa upole, "Mama, tumetembea dakika tisa. Zilizobaki zote tulikuwa tumesimama."

Mimi nilicheka. Mama hakucheka.

"Sasa niwapite watoto wa watu kama napita minazi? Waseme mwalimu ameota kiburi?"

Muuguzi akamshauri apite njia ya nyuma ya skuli, ambako hakuna watu.

"Mwanangu, mtu mzima anayenyata vichakani asubuhi, kwetu huyo ni mwizi wa kuku."

Binti alicheka, akaufunga mkoba wake. "Basi fikiria mwenyewe, mama. Mji huu unaujua kunishinda." Moyoni nikasema huyu ameshindwa kazi. Nilikosea.

Asubuhi iliyofuata mama alitoka na tasbihi mkononi. Alianza kuleta uradi, jina la Mungu kwa kila punje, tangu kizingitini, midomo ikimcheza, na hakusimama. Kwetu anayeleta uradi hakatizwi. Watu walimwona, wakashusha sauti, wakatoa salamu. Naye akainua mkono, akapita. Hakuna aliyechukia. Jirani mmoja hata alimvuta mbuzi wake kando ili mwalimu apate njia.

Jioni nikamtania kwamba amepata ujanja. Akanikata jicho. "Ujanja gani? Mungu namtaja kweli, na miguu inakwenda kweli. Nimemdanganya nani?" Alikuwa ameshahesabu: kutoka kwetu hadi skuli na kurudi ni tasbihi kumi nzima. Muuguzi akaandika hivyo hivyo katika daftari lake, na tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za dakika.

Siku ya majibu tuliketi kwenye benchi la hospitali. Mama ameshika tasbihi yake, mimi nimeshika mkoba wake. Muuguzi alitoka na karatasi, na kabla hajasema neno nikaona meno yake.

"Umeondoka mlangoni, mama. Endelea hivyo hivyo, usirudi."

Nililia pale pale mbele za watu, wala sikuona haya. Nikamwomba mama radhi kwa yale maneno ya kigari. "Nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Ila na wewe, halua ungeipata wapi katika nyumba isiyo na hata biskuti?"

Kisha akampigia simu dadake. Alisita kidogo kabla ya kumwambia, na mimi nilijua kwa nini. Simu yake ina sauti kubwa, nikasikia kila neno. Halafu mama mkubwa akasema, "Alhamdulillahi. Basi kesho ukimaliza tasbihi zako, tembea na zangu mbili. Lakini polepole, mwenzio nina mguu mmoja."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

Sasa hutembea tasbihi kumi zake, kisha mbili za dadake. Zile kumi simuwezi, ananiacha nyuma. Zile mbili huenda taratibu sana, na siku nisizo na zamu natembea kando yake, wala simharakishi.