Machungwa ya Askari wa Jiwe

Hapa chuoni kwetu Henan mimi ndiye mpishi wa tambi, na hakuna profesa ambaye hajanipangia foleni. Kwa hiyo habari za Mzee Niu, mtunza bustani, zipate kwangu, si kwa hao waliosoma mpaka macho yakaisha.

Niu hakuwa na kitu cha kujivunia duniani ila mforsadi alioupanda na marehemu mkewe. Sasa, mwaka juzi Katibu Ouyang, msimamizi wa elimu ya siasa chuoni, akasimamisha sanamu chini ya mti huo: askari aliyewagawia wenzake chakula chake, akafa njaa. Eti wanafunzi wakipita wasimame, watafakari uzalendo. Nani asimame? Walipita na bakuli za tambi zangu, macho kwenye simu.

"Mti wako unamfunika shujaa," Katibu akamwambia Niu. "Ijumaa mkaguzi wa mkoa anakuja. Akikuta hapa hakuna mtu, Jumamosi naukata."

Niu akaja jikoni kwangu, uso kama nguo iliyokamuliwa.

"Unalia nini, mzee mzima?" nikamwambia. "Mitihani si hiyo mlangoni? Mwanafunzi mwoga ataabudu hata jiko langu."

Akanielewa. Kesho yake, akifagia, akamnong'oneza msichana mmoja: "Aliyeongoza hesabu mwaka jana alimwekea huyu chungwa." Basi! Kufika Ijumaa askari amezama hadi magotini: machungwa, biskuti, chai ya maziwa, na wanafunzi mstarini, vichwa chini.

Mkaguzi akanuna. "Katibu, hii ni elimu ya siasa au hekalu?"

Ouyang akawa mweupe kuliko unga wangu. Niu akaegemea ufagio wake.

"Ndugu mkaguzi, huyu alikufa njaa. Watoto hawataki alale njaa tena."

Kisha mkaguzi akajipiga paja. "Umesikia, Katibu? Jiwe lako linafundisha! Na mti huu usiguswe. Jua lote hili, watoto wasimame wapi?"

Msafara ukaenda kula, kwangu, wapi tena? Mkaguzi akabaki nyuma, akachungulia huku na huku, akachomoa chungwa mkobani.

"Mzee, binti yangu ana mtihani Jumatatu. Moja linatosha?"

Niu akauchungulia mkoba. "Kwa askari linatosha. Hilo jingine ninaloliona ni la mwenye mti."