Nilivyogawa kibanja cha marehemu baba kwa mtindo wa mashamba ya mvinyo ya Ufaransa

Salaam wakuu.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Leo naandika yaliyonikuta, na sitaongeza chumvi. Stori yenyewe inaniaibisha vya kutosha.

Kwetu ni Karagwe, upande wa Nyaishozi, ila kazi yangu ni weita kwenye hoteli moja ya watalii Arusha. Kuna kipindi bosi alituletea mkufunzi wa mvinyo. Wageni walikuwa wanauliza maswali, sisi tunabaki kutabasamu tu.

Somo lililoniingia kuliko yote lilikuwa la Burgundy. Sio Burundi wakuu, ni eneo la mashariki mwa Ufaransa, lenye vilima na mizabibu.

Kwa asiyejua, msingi wake ni huu. Mvinyo mwekundu wa kule ni wa zabibu aina ya Pinot Noir, mweupe ni Chardonnay. Zipo nyingine, ila hizo mbili ndizo zilizobeba jina. Kwenye chupa hawahangaiki kukuandikia aina ya zabibu, wanakuandikia mahali ilipotoka, maana wanaamini kila kipande cha ardhi kina ladha yake.

Zabibu za tambarare kule chini ni za kawaida. Za katikati ya mteremko ndizo zenye heshima, kwa sababu maji hayatuami na jua linafika vizuri. Chupa zinapangwa kwa madaraja: jina la mkoa, juu yake jina la kijiji, halafu premier cru, na kileleni grand cru. Hiyo ya kileleni weita unaishika kwa mikono miwili.

Sasa kilichonivutia ni hiki. Shamba moja lenye jina kubwa linaweza kuwa na wamiliki kibao. Mirathi yao inawapa watoto wote haki sawa, kwa hiyo kizazi baada ya kizazi shamba limegawanywa mpaka mtu anamiliki mistari michache tu ya mizabibu. Na sifa ya shamba ipo palepale.

Nikaona hawa watu wana akili.

Haukupita muda, baba akafariki. Nikaenda kuzika, na matanga yalipoisha ukoo ukakaa kuzungumzia kibanja.

Kwa wasio wa Kagera, kibanja ni shamba la migomba linalozunguka nyumba, na ndani yake kuna kahawa na maharage. Kibanja ndio chakula cha nyumba. Mke anatoka na kisu, anarudi na mkungu, maisha yanaendelea. Desturi yetu kinabaki kizima mikononi mwa mrithi mkuu. Huyo ni kaka yetu Philbert, aliyekuwa anaishi hapo hapo na mama. Sisi wengine, yaani mimi, dada Koku aliyeolewa Kyerwa, na mdogo wetu Audax mwenye duka Kayanga, tungekuwa tunakuja kula na kuondoka.

Mimi nikaona huo ni uonevu. Nikasimama na suruali yangu ya mjini, nikawaeleza wazee habari za Burgundy mwanzo mwisho. Nikapendekeza tukate mistari minne kutoka nyumbani kushuka bondeni. Hivyo kila mtoto angepata udongo mzuri wa karibu na nyumba, ule uliolishwa samadi miaka yote, na udongo mwembamba wa chini.

Wazee walinisikiliza. Msomi akiongea kwetu anasikilizwa, hata kama alichosoma ni kufungua chupa.

Mama ndiye pekee aliyeuliza swali. "Hiyo mizabibu yao, ndiyo wanapika mchana?"

Nikamwambia hapana, ni ya kinywaji, ni biashara. Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani ameelewa. Kumbe mimi ndiye ambaye sikuelewa.

Kikagawanywa. Mimi nikachagua mstari mmoja wa katikati.

Baba alikuwa na tabia ya kuzunguka kibanja chote kila asubuhi, mgomba mmoja mmoja. Baada ya mgao hakuna aliyefanya hivyo. Philbert alizunguka mstari wake na kuishia mpakani, kwa sababu nilishasema mbele ya ukoo kwamba kila mtu na chake.

Msimu uliofuata mnyauko ukaingia. Huu ugonjwa wakulima wanaujua: majani yanalegea na kuwa ya njano, ndizi zinaiva kabla hazijakomaa na ndani zimeoza, ukikata shina linatoa usaha. Dawa yake huipati dukani. Unang'oa mgomba unaoumwa mapema, unachoma panga kwenye moto kabla hujagusa mwingine, na unafanya hivyo shamba zima. Ukiruka sehemu moja umefanya kazi bure.

Philbert alitupigia simu wote watatu. Bwana shamba amekuja, akasema, migomba inayoumwa ing'olewe wiki hii. Koku akakubali, Audax akakubali. Ila ugonjwa ulikuwa umeanzia kwangu, katikati, akaniomba ruhusa aingie.

Wakuu, hapa ndipo ninapojichukia. Sikusikia habari ya ugonjwa hata kidogo. Nilisikia kaka mwenye kinyongo anatafuta njia ya kurudisha mstari wangu. Nikamjibu, "Usiguse mgomba wangu hata mmoja mpaka nije likizo."

Akasema sawa. Philbert sio mtu wa kubishana.

Alisafisha mstari wake, akasafisha ya Koku na Audax, wangu akauacha kama nilivyoagiza. Kila alichosafisha kiliugua tena kutokea kwangu. Mimi huku Arusha namimina mvinyo na kuwaelezea wageni uzuri wa udongo.

Mgeni mmoja Mfaransa, mzee mstaarabu, ndiye aliyenifumbua macho. Nilimwuliza kule Burgundy jirani asipotunza mistari yake inakuwaje. Akaniambia kuna ugonjwa wa mizabibu ambao ukionekana kila mwenye shamba analazimishwa na sheria kupiga dawa, na mizabibu inayoumwa ing'olewe, utake usitake. Kumbe wanagawana umiliki, ulinzi hawagawani. Hilo mkufunzi hakutufundisha. Kozi yetu ilikuwa ya kuuza chupa.

Usiku ule ule nilimpigia Philbert nikamwambia ang'oe. Akaniambia ugonjwa ulishaenea kote, alishang'oa kibanja chote wiki iliyopita, mistari yote minne, na anaomba radhi kwa kuingia kwangu bila ruhusa.

Alikuwa ananiomba radhi mimi.

Nilienda likizo. Nyumba yetu ilikuwa haionekani kutoka barabarani, siku hizi unaiona hadi mlango. Mama alinipikia ndizi kwa maharage, ndizi za kununua sokoni, mwanamke ambaye tangu aolewe hajawahi kununua mkungu. Hakunilaumu. Nilimwambia mstari wangu naurudisha kwa Philbert, akasema vizuri, kula chakula kitapoa.

Nilipomaliza akanichukua nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la baba. Tulimzika kibanjani, kivulini, kama wanavyozikwa wazee wetu. Kivuli hakipo tena. Mama akaweka majani makavu juu ya kaburi, akasema taratibu, "Baba yako anapigwa na jua, mwanangu."

Nikaokota majani mengine, nikamsaidia kufunika.

Nilichojifunza: ukiiga mila ya watu, ichukue nzima au iache. Na ndugu akikupigia kuhusu shamba, msikilize kwanza kabla hujamdhania.

Bwana shamba anasema udongo upumzike kwanza ndio tupande miche safi. Waliowahi kufufua kibanja kilichokufa kwa mnyauko, mlianzaje? Na wa kunitukana mnitukane tu, nitasoma zote.